Ndizi ya Ukutani na Ndizi ya Sufuriani

Tarehe 20 Novemba 2024, katika jumba la mnada la Sotheby's jijini New York, ndizi moja iliyobandikwa ukutani kwa utepe wa gundi iliuzwa kwa dola za Marekani milioni 6.2. Kwa viwango vya fedha vya siku zile, hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 16 za Tanzania. Siku tisa baadaye mnunuzi wake, Justin Sun, mfanyabiashara wa sarafu za kidijitali aliyezaliwa China, aliwaita waandishi wa habari katika hoteli moja huko Hong Kong. Akaibandua, akaimenya, akaila mbele yao, na kusema kwamba ilikuwa nzuri kuliko ndizi nyingine.

Habari za namna hii huwekwa pembeni ya gazeti, karibu na chemshabongo, ili msomaji acheke na kugeuza ukurasa. Binafsi huzisoma kabla ya tahariri. Kioja mara nyingi huianika kanuni ambayo habari nzito huipita kimyakimya kwa kuidhani ni jambo la kawaida. Kioja hiki kinahusu bei na kazi, na pengo kubwa lililopo kati ya vitu hivyo viwili.

Kazi hiyo ya sanaa inaitwa "Comedian", na mwenyewe ni msanii wa Kiitaliano Maurizio Cattelan. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Miami, Marekani, Desemba 2019, ikauzwa kwa dola 120,000. Katika maonyesho hayo hayo msanii mwingine aliibandua akaila. Ikaletwa ndizi nyingine na mambo yakaendelea. Mwaka 2023 mwanafunzi mmoja aliila tena katika jumba la makumbusho jijini Seoul, Korea Kusini, akajieleza kwamba hakuwa amepata kifungua kinywa. Wanafunzi wangu watamwelewa. Hata huko haikuonekana kwamba kuna kilichoharibika, kwa kuwa ndizi yenyewe siyo iliyouzwa. Mnunuzi hupewa cheti cha uhalisi pamoja na maelekezo ya namna ya kuibandika ndizi na kuibadilisha inapooza. Aliyelipa dola milioni 6.2 alinunua karatasi.

Niliisoma habari hiyo kwa sauti nyumbani. Kijana wangu wa kidato cha pili alitaka kujua kama utepe wa gundi nao ulihesabiwa katika bei. Mdogo wake wa darasa la sita akapendekeza tubandike chane nzima ukutani, tuwe matajiri mara kumi na tano. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Bukoba na mkungu wake juu ya basi, hakucheka. Aliuliza swali moja: "Mwanangu, na huyo aliyeilima, yeye alipata ngapi?"

Jina la mkulima huyo halijulikani kwa yeyote kati yetu. Aliyejulikana ni muuzaji. Gazeti la The New York Times lilimtafuta na kumkuta: mzee mhamiaji kutoka Bangladesh, mwajiriwa katika kibanda cha matunda karibu na jumba lile la mnada, anayelipwa dola 12 kwa saa. Ndizi hiyo aliiuza kwa senti 35. Alipoelezwa ilikofika, alilia. Mnunuzi aliposikia habari zake aliahidi kununua ndizi 100,000 kutoka kibandani hapo. Ahadi ilisifiwa mtandaoni, ila wenye kufanya hesabu waliona mara moja kwamba faida yake ingekwenda kwa mwenye kibanda, na mzee angebaki na mshahara wake ule ule pamoja na kazi ya kubeba makasha.

Wapo watakaosema kwamba thamani ya kitu ni kile ambacho mtu yuko tayari kukilipia, na mjadala umekwisha. Jibu hilo linafaa kufungulia somo la uchumi la mwaka wa kwanza, lakini haliwezi kulifunga. Ndizi iliyokuwa kibandani kwa senti 35 na iliyokuwa ukutani kwa mamilioni ni ndizi ile ile, yenye utamu ule ule. Kilichobadilika ni ukuta, na wanaoweza kuufikia: jumba lenye jina, wanasheria, dalali, cheti, na kundi la watu waliokubaliana kuliheshimu. Mwenye ukuta hupanga bei. Asiye na ukuta huambiwa bei.

Tuirudishe basi ndizi nyumbani kwake, katika nchi za Maziwa Makuu, ambako haikuwahi kuwa kichekesho. Kagera, Kilimanjaro na Rungwe, mgomba ni chakula, kivuli, kamba, mahari na heshima ya boma. Hata hivyo, katika masoko mengi niliyopita mkungu huuzwa kwa macho. Mchuuzi huutazama, huugeuza, hutaja bei, na mkulima aliyeuleta kwa baiskeli tangu alfajiri hukubali, kwa sababu kurudi nao nyumbani ni hasara kubwa zaidi. Hakuna mizani kati yao. Wakulima wa viazi na vitunguu wanaijua hali hiyo kwa jina lake jingine, lumbesa: gunia lililoongezewa kilemba mpaka likapoteza umbo la gunia. Tunayo Sheria ya Vipimo na tunao Wakala wa Vipimo. Hata hivyo kilemba bado huonekana juu ya malori yetu, mchana kweupe.

Kuna mfano unaoonyesha kwamba mambo yanaweza kuwa vingine. Juni 2020, Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Nchi nzima ilishangilia bahati yake. Bahati ilikuwepo, lakini ilikuwepo pia miundombinu ya bahati: masoko ya madini yaliyoanzishwa mwaka uliotangulia, mizani, wathamini, na mnunuzi aliyelipa hadharani kupitia benki. Kabla ya hapo, mchimbaji mdogo angeweza kuliuza jiwe kama hilo gizani kwa bei ya kukadiriwa, akalisikia baadaye likitajwa katika miji ya mbali. Jiwe lilipimwa, ndipo aliyelichimba akaonekana.

Swali la mama yangu, hata hivyo, halikuishia shambani. Binti yangu alilichukua akalipeleka jikoni. Jumamosi iliyofuata alifungua daftari na kuandika kila kazi iliyofanywa kuhusu ule mkungu wa Bukoba, na muda wake: kuukata chane, kumenya, kwenda dukani kutafuta nazi, kukuna, kupika, kupakua, kuosha masufuria. Ukurasa ulijaa kabla ya saa nane mchana. Bibi yake alipousoma alisema kuna kazi moja haimo. "Mjukuu wangu, hujaandika kuwaza. Tangu asubuhi kuna mtu hapa amekuwa akiwaza mchana mtakula nini na jioni mtakula nini." Mke wangu, ambaye ni mtumishi wa umma na huamka saa kumi na moja alfajiri kila siku ya kazi, alisema huo ndio mchango wa maana zaidi uliopata kutolewa katika kikao cha familia yetu.

Daftari la mtoto huyo limegusa mahali ambapo hesabu za dunia zina tundu. Kwa kanuni za Mfumo wa Hesabu za Taifa unaosimamiwa na Umoja wa Mataifa, chakula ambacho familia imejilimia na kukila wenyewe kinatakiwa kuhesabiwa katika Pato la Taifa, hata kama hakikuuzwa. Lakini huduma ambazo wanakaya wanapeana bila malipo, kama kupika, kufua, kulea na kuuguza, haziingizwi. Maana yake ni kwamba ndizi ikiwa bado juu ya mgomba wa mama yangu ni sehemu ya uchumi wa nchi. Ikiingia jikoni kwetu, kazi yote kuanzia kisu cha kwanza hadi sahani ya mwisho haipo kitakwimu. Ndizi hiyo hiyo ikipikwa na mama lishe barabarani na kulipiwa, kazi ya kuipika inarejea kuwa uchumi. Mikono na moto ni vile vile; kilichotofautiana ni ukuta.

Kiasi kinachoangukia katika tundu hilo si kidogo. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani (ILO), kwa takwimu za nchi 64, lilikadiria kwamba saa bilioni 16.4 za kazi za malezi na matunzo zisizolipwa hufanywa kila siku, na kwamba asilimia 76.2 ya kazi hiyo hufanywa na wanawake. Nchini Iceland hawakusubiri takwimu. Tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake wapatao asilimia 90 waliacha kazi zote kwa siku moja, za ofisini na za jikoni. Shule na viwanda vya samaki vikakwama, wanaume wakaenda kazini wakiwa na watoto mikononi, na soseji, kwa kuwa ni rahisi kupika, zikaadimika madukani. Magazeti ya nje yangeweza kuiweka habari ya soseji katika ukurasa wa vioja. Lakini mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya usawa, na mwaka 1980 Vigdís Finnbogadóttir akachaguliwa na wananchi kuwa rais, mwanamke wa kwanza duniani kuushika wadhifa huo kwa kura.

Hapa kwetu kuna kundi ambalo hata wanaharakati wetu hulisahau, nalo ni wasaidizi wa kazi za nyumbani. Amri zetu za kima cha chini cha mshahara zimewataja, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini viwango vyao vimepangwa kwa madaraja kufuatana na mwajiri: anayemtumikia balozi au mfanyabiashara mkubwa ana kiwango chake, anayemtumikia ofisa mwenye stahili ana kingine, na walio katika nyumba za watu wengine wana chao, kilicho cha chini zaidi. Ninaelewa sababu ya kiutendaji, kwamba waajiri hawana uwezo sawa. Hata hivyo sakafu inayopigwa deki haijui cheo cha mwenye nyumba, wala mtoto anayebembelezwa halii kwa lugha ya kibalozi. Binti mmoja akihama nyumba moja kwenda nyingine mtaa huo huo, thamani ya mikono yake inapanda au kushuka kwa sheria. Tunamcheka tajiri wa Hong Kong, nasi tuna ndizi zetu tulizozibandika katika kuta tofauti.

Kuna pingamizi linalostahili heshima. Wazee watauliza kama sasa tunataka kuweka mizani kati ya mama na mwana, nyumba igeuke ofisi na upendo uwe ankara. Wanao msemo kwamba mgomba haushindwi na mkunguwe. Nakubali kwamba mzazi hadai malipo kwa mtoto wake, na jamii itakayofikia hatua hiyo itakuwa imepoteza kitu ambacho hakuna mnada utakaokirejesha. Lakini anayeujua mgomba anajua pia kwamba mkungu ukikomaa, shina lililoubeba hukatwa. Kuhesabu si sawa na kudai. Tunahesabu watu katika sensa bila kuwauza, na tunapima mapigo ya moyo bila kuyatoza kodi. Tunahesabu ili tunapopanga bajeti ya visima, zahanati na vituo vya kulelea watoto tujue ni saa za nani zitakazookolewa. Wahenga hao hao walituachia onyo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ni mali.

Yanayowezekana si makubwa kupita uwezo wetu. Halmashauri inayotoza ushuru wa soko inaweza kuweka mizani katika soko hilo, na kumtaka mchuuzi anunue ndizi kwa kilo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imekwisha kupima matumizi ya muda katika tafiti zake za nguvukazi, ikiwemo ya mwaka 2014. Kinachohitajika ni kulifanya zoezi hilo kuwa la kudumu, na maofisa mipango walitumie badala ya kuliacha kabatini. Madaraja ya mishahara ya wasaidizi wa nyumbani yanaweza kupangwa kwa saa na aina ya kazi, na mkataba wa maandishi ukawa jambo la kawaida kama ulivyo mkataba wa kupanga chumba.

Kwa wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu, ninalo ombi. Acheni kwa muda mada zilizokwisha kutafunwa zikapoteza ladha. Nendeni sokoni na mizani ya mkononi, ingieni jikoni na daftari, mwandike kile ambacho hakijaandikwa, pamoja na ile kazi ya kuwaza. Na wale mtakaokalia viti vya kuamua bei za vitu na mishahara ya watu, kabla ya kutia saini muulize swali la mkulima yule wa Bukoba, kwa maneno yake yale yale: na huyo aliyeilima, yeye alipata ngapi?