MAANDALIZI NAYO NI KAZI: YALIPWE



Mwulize mwajiri yeyote wa gereji gharama ya kupaka rangi bloku ya injini. Atakuhesabia kopo moja la rangi na nusu saa ya fundi. Hatahesabu saa nyingi zinazotangulia kopo hilo, na ndizo tunazotaka kuzisemea leo.

Bloku nyingi za malori, matrekta na mashine za kusaga ni za chuma cha kusubu. Chuma hiki kina kaboni ya asilimia 2 hadi 4 hivi, na uso wake kwa nje ni wa mikwaruzo na vitundu vidogo. Oili ya miaka mingi huingia humo na kukaa. Ukiipangusa kwa kitambaa, bloku itaonekana safi, lakini siku injini itakapopata moto, oili itatoka na kuisukuma rangi kama ganda la yai.

Kwa hiyo fundi wa kweli huanza mbali. Hukwangua grisi, huosha kwa maji ya moto na sabuni kali, husugua kutu kwa brashi ya waya, kisha huosha tena. Akitumia magadi makali ya kostiki, huhakikisha kwanza kwamba hakuna kipande cha aluminiamu kilichobaki, kwa maana magadi hayo hula aluminiamu. Hukausha upesi, kwani chuma cha kusubu kilichooshwa huanza kutu mbele ya macho yako. Huziba matundu ya oili na ya nati, hufunika nyuso zilizochongwa mahali gasketi inapokaa, hupaka rangi ya kwanza, halafu rangi yenyewe kwa tabaka nyembamba. Rangi nzito haiongezi nguvu. Huficha ufa tu. Na waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walisema pia juu ya injini.

Sasa tutazame malipo. Pale ambapo fundi hulipwa kwa injini iliyokwisha kupakwa, maandalizi yote huwa ni sadaka yake kwa tajiri. Atafanyaje? Atatafuta njia ya mkato. Mwajiri mmoja tuliyepata kumfanyia kazi alitaka bloku tatu kwa siku. Tulizipata tatu, zikang'aa. Baada ya miezi michache moja ilirudi imebambuka, na gharama ikakatwa katika mshahara wa kijana aliyeshika brashi. Hakuna aliyeuliza nani alimnyima muda.

Hasara hiyo ni ya fedha. Ipo nyingine ya mwili. Njia ya mkato inayojulikana zaidi ni kuosha bloku kwa petroli, mikono mitupu, ndani ya chumba kilichofungwa. Petroli huondoa oili upesi, hatukatai. Lakini ina benzeni, nayo benzeni husababisha kansa ya damu. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa 136 juu ya sumu hii mwaka 1971, likitaka isitumike kama kiyeyushio katika kazi za wazi. Na cheche moja tu ya brashi ya waya ya umeme yatosha kuunguza karakana na waliomo.

Njia ya pili ni kupuliza mchanga kwa kompresa. Kutu huondoka kwa dakika chache, ila vumbi lake huganda mapafuni na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya. Uingereza ilikataza kutumia mchanga katika kazi ya namna hii kwa kanuni za mwaka 1949. Wajukuu wa waliosomewa kanuni hizo wamekwisha staafu, na bado sisi tunapewa kitambaa cha kufunga puani! Tena mchanga huohuo ukibaki katika njia za oili, utakula beringi na kuiua injini ambayo rangi yake ni mpya.

Wako watakaosema kwamba gereji ndogo haina uwezo. Tunajua gereji ndogo. Wengi wetu tumelelewa humo. Lakini maji ya moto, sabuni, glavu za mpira, miwani na mlango ulio wazi si mali ya matajiri peke yao. Kinachokosekana mara nyingi ni muda, na muda hauuzwi dukani. Muda hupatikana katika mkataba wa kazi.

Basi tunataka mambo matatu. Kwanza, saa za maandalizi ziandikwe na kulipwa sawa na saa za kupaka. Pili, kuosha kwa petroli na kupuliza mchanga kukomeshwe, na vifaa vya kujikinga vitolewe na mwajiri bila kukatwa mshahara. Tatu, kijana anayejifunza kazi asiachiwe peke yake uchafu ambao fundi mkuu anaukimbia. Afundishwe, na siku zake zihesabiwe.

Tangu mwaka 1981 uko Mkataba wa 155 juu ya usalama na afya kazini, na mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Haki hiyo haitaingia karakanani kwa miguu yake. Tuipeleke sisi, kila tawi mezani kwa mwajiri wake, kabla kopo la rangi halijafunguliwa.