Maegesho Hayakumfuata Mteja

Wapo watu makini, tena wenye hesabu, wanaoamini kwamba uwanja mpana wa magari mbele ya moli ni matakwa ya wateja wenyewe. Wateja walichagua gari, wanasema, na mwenye jengo akawafuata. Kwa hiyo mji wenye busara humlazimisha kila mjenzi kutenga nafasi nyingi, la sivyo biashara itadorora. Rai hii ilizaliwa Marekani, lakini siku hizi inasikika Nairobi na Dar es Salaam kila unapotangazwa mradi mpya kando ya barabara kuu.

Mimi ni mpenzi wa moli. Ni miongoni mwa mahali pachache mjini ambapo bibi na mjukuu wanaweza kutembea saa nzima bila kukwepa pikipiki. Kwa sababu hiyo siwezi kunyamaza moli inaposingiziwa kwamba haiwezi kuishi bila kuzungukwa na jangwa la lami.

Rai yenyewe ina ukweli ndani yake, na ni haki kuutaja. Hakuna anayepakia friji kwenye daladala kwa kupenda. Mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji kushuka karibu na mlango, sawa na mama mwenye watoto watatu na mizigo. Na baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walinunua magari kwa mamilioni bila kushurutishwa na yeyote. Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni mruko wa kutoka “watu wana magari” hadi “basi kiasi hiki cha maegesho ndicho wanachohitaji.” Katikati ya kauli hizo mbili kuna pengo, na pengo hilo halikuzibwa na mteja.

Kwanza, historia. Southdale, moli ya kwanza ya Marekani kufunikwa yote na kudhibitiwa joto lake, ilifunguliwa Oktoba 1956 huko Edina, kiungani mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, ambako baridi ya Januari huwafukuza watu barabarani. Aliyeichora ni Victor Gruen, Myahudi wa Vienna aliyewakimbia Wanazi mwaka 1938. Gruen aliyachukia mabango na vituo vya mafuta vilivyotapakaa kando ya barabara za Marekani, akataka kuwapa watu wa viungani mahali pa kukutana kwa miguu. Mpango wake ulihusu zaidi ya ekari 400: nyumba, shule, huduma za afya, bustani na ziwa, moli ikiwa kiini chake. Kilichosimama ni moli iliyozungukwa na nafasi za magari zaidi ya 5,000, na mpango uliobaki haukujengwa kama alivyouchora. Mwaka 1978, akiwa London, Gruen alikana hadharani ubaba wa moli zilizojengwa kwa kumwiga.

Mpinzani wangu atasema kwamba masikitiko ya mchoraji si ushahidi. Soko ndilo linaloamua. Sawa, tutazame soko. Mwaka 1954 Bunge la Marekani liliruhusu wamiliki wa majengo mapya ya biashara kukata uchakavu kwa kasi katika hesabu za kodi. Jengo jipya likawa kinga ya kodi kwa mwekezaji hata kabla mteja hajaingia mlangoni, na ardhi ya bei rahisi ya kuliweka ilikuwa viungani. Miaka miwili baadaye serikali kuu ikaanza kugharimia sehemu kubwa ya barabara kuu za kuunganisha majimbo. Mteja alichagua, ndiyo, lakini alichagua kutoka meza iliyokwisha kuandaliwa na wengine.

Pili, na hapa ndipo hoja inapokaa, tuzikague namba zenyewe. Halmashauri nyingi za Marekani ziliweka kiwango cha chini cha maegesho kwa kila aina ya jengo. Kwa maduka, kiwango cha kawaida kimekuwa nafasi 4 au 5 kwa kila futi za mraba 1,000, yaani mita za mraba 93. Gari moja, pamoja na njia yake ya kuingilia na kutokea, huhitaji takriban mita za mraba 30. Piga hesabu: nafasi 5 ni mita za mraba 150. Sheria inaamuru gari lipewe ardhi kubwa kuliko duka lililofuatwa.

Namba hizo zilitoka wapi? Aliyeliuliza swali hili kwa miaka mingi ni Donald Shoup, mwalimu wa mipango miji wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), aliyefariki mwaka 2025. Katika kitabu chake cha mwaka 2005, The High Cost of Free Parking, alikifunua kitabu cha mwongozo cha wahandisi ambacho maofisa wa mipango walikuwa wakikitegemea. Vipimo vingi vilichukuliwa kwenye sehemu chache za viungani, pasipo basi, maegesho yakiwa bure, tena katika saa ya msongamano mkubwa. Mfano wake maarufu ni mgahawa wa chakula cha haraka. Kutokana na vipimo 18, mwongozo ulitoa wastani wa nafasi 9.95 kwa kila futi za mraba 1,000. Vipimo hivyohivyo vilionyesha kwamba ukubwa wa mgahawa ulieleza chini ya asilimia 4 ya tofauti katika idadi ya magari. Kwa maneno mengine, uhusiano karibu haukuwepo, ila namba ilichapishwa hadi desimali mbili. (Namba yenye nukta ina heshima yake, watu hawaiulizi ilikotoka.)

Kisha mzunguko ukajifunga. Magari yalihesabiwa mahali ambapo hapakuwa na njia nyingine ya kufika. Hesabu ikawa sheria. Sheria ikayatenganisha majengo kwa lami hadi kutembea kutoka duka hadi duka kukawa kero. Wahesabuji waliporudi, waliwakuta watu wote ndani ya magari, wakasema: mnaona?

Kwa moli kulikuwa na jambo la ziada. Mwongozo uliotumiwa na sekta ya ujenzi ulipendekeza maegesho yatosheleze saa ya 20 kwa wingi wa wateja katika mwaka mzima. Maana yake ni kwamba katika mwaka wote, saa 19 tu ndizo zinazoweza kuzidi uwezo wa uwanja. Karibu saa nyingine zote sehemu yake inabaki tupu. Hakuna mama anayebandika sufuria la harusi kila jioni eti kwa kuwa Iddi watakuja wageni. Tena, hata siku ya wageni, sufuria halijai: asasi ya Strong Towns, iliyoanzia Minnesota hukohuko, imekuwa ikiwahimiza watu kupiga picha za maegesho ya moli Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani, siku ambayo Wamarekani humiminika madukani, na picha nyingi huonyesha safu nzima zisizo na gari.

Tatu ni lile neno “bure” katika maegesho ya bure. Hili ni fupi. Mwenye jengo hurudisha gharama ya lami kupitia kodi ya pango, mwenye duka huiingiza kwenye bei ya sukari, na aliyekuja kwa basi huilipia sukari bei ileile.

Limebaki pingamizi lenye uzito: sheria ikiondolewa, magari yatamwagika kwenye mitaa ya majirani. Hofu hii si ya kupuuza. Buffalo, jimbo la New York, iliondoa kiwango cha chini mwaka 2017. Watafiti walipoichunguza miradi mikubwa iliyofuata, karibu nusu ilikuwa na nafasi chache kuliko zilizodaiwa zamani, hasa ile iliyochanganya maduka na makazi. Iliyobaki ilijenga zilezile au kuzidi. Kuondoa shurti hakukupiga marufuku maegesho. Kulimwachia anayelipa ahesabu mwenyewe. Kuhusu mitaa ya jirani, Old Pasadena ya California ilianza kutoza maegesho ya barabarani mwaka 1993 na kuirudisha fedha hiyo kwenye njia za miguu, taa na usafi wa eneo lilelile. Wenye maduka waliokuwa na wasiwasi hawakukimbiwa na wateja. Eneo lililokuwa limechakaa likafufuka. Na lami iliyozidi inaweza kupewa kazi nyingine: huko Southdale zimejengwa nyumba za kupanga kwenye kona ya uwanja wa magari.

Nairobi kwa jambo moja imeitangulia Marekani: moli zake nyingi hutoza maegesho, na aliyekaa muda mrefu hulipa zaidi. Lakini umbo tumelinunua jinsi lilivyo. Mlimani City, iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2006, imekaa nyuma ya uwanja wake wa magari, na anayeshuka daladala huukata huo uwanja juani kabla ya kuufikia mlango. Two Rivers, ya mwaka 2017, ilijengwa kaskazini mwa Nairobi, katika mji ambao angalau safari 4 kati ya 10 hufanywa kwa miguu na nyingi ya zilizobaki kwa matatu. Mwenye moli akisema “wateja wangu wana magari,” huenda anasema kweli. Amewahesabu getini, na geti pana amelijengea magari.

Kwa hiyo, kabla halmashauri yoyote haijaandika namba kwenye kanuni zake za ujenzi, iweke mhesabuji kwenye mlango wa waenda kwa miguu pia, Jumanne asubuhi na Jumamosi jioni, naye awaulize waingiao swali moja: umefikaje hapa?