Vijana Wasiambiwe Wangoje

Ndugu wafanyakazi, kila uchaguzi wa tawi ukifika husikika maneno: kijana angoje akomae. Mtazameni Bernadette Devlin wa Ireland ya Kaskazini, binti wa seremala. Mwaka 1969, akiwa na miaka 21 tu, bado mwanafunzi wa chuo kikuu, alichaguliwa kuingia Bunge la Uingereza. Hakukalia kiti akawasahau waliomtuma. Mwaka 1970 alifungwa gerezani kwa kusimama na wakazi wa Derry walipopambana na polisi. Mwaka 1974 alishindwa uchaguzi, wala hakuacha kudai haki. Hata risasi alizopigwa mwaka 1981 hazikumnyamazisha.

Ndugu, uongozi haupimwi kwa mvi. Kijana mwenye msimamo tumpe kura sasa. Akitusahau, tutamwondoa kwa kura hiyo hiyo.