Mchungaji Aliyefunga Dansi na Kuyaacha Magari



Ipo filamu ya Marekani iitwayo Footloose, iliyotoka mwaka 1984, ambayo naipendekeza kwa kila frateri anayesoma mantiki. Haifundishi mantiki hata kidogo. Ina makosa ya kutosha kujaza mazoezi ya muhula mzima.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana Ren McCormack, anayeigizwa na Kevin Bacon, anahama na mama yake kutoka Chicago kwenda mji mdogo wa Bomont. Huko anakuta sheria inayokataza vijana kucheza dansi. Aliyeisukuma sheria hiyo ni mchungaji wa mji, Shaw Moore, ambaye mwanawe alifariki katika ajali ya gari darajani usiku mmoja, akitoka dansini akiwa amelewa.

Hebu tuwapange washtakiwa: pombe, dansi, gari, daraja, giza. Pombe inapigwa marufuku, na hapo sina ugomvi na mchungaji. Dansi nayo inapigwa marufuku. Gari linaachiwa huru bila hata onyo! Walimu wetu huita kosa hili post hoc, ergo propter hoc: limetokea baada ya lile, basi limesababishwa na lile. Kwa hoja hiyo hiyo, kijana akiugua malaria baada ya Misa ya Jumapili, tufunge kanisa.

Na vijana wa Bomont wanafanya nini na magari yao? Tangu mwanzoni tunamwona Ariel, binti wa mchungaji yuleyule, akisimama katikati ya magari mawili yanayokimbia sambamba huku lori likija mbele yao. Baadaye Ren na mpinzani wake wanaendeshea matrekta kuelekeana, ili ionekane nani ataruka kwanza. Ren anashinda. Kwa ushujaa? Hapana, kamba ya kiatu chake imenasa, hawezi kuruka. Mji mzima haukai kikao hata kimoja kujadili matrekta.

Lakini tundu kubwa kuliko yote liko mwishoni. Vijana hawa wamekuwa chini ya marufuku kwa miaka. Rafiki wa Ren, Willard, hajui kucheza kabisa. Anafundishwa, na kabla wimbo mmoja haujaisha ameiva. Kisha usiku wa dansi lenyewe wote wanaruka, wanazunguka chini kwa mgongo, wanakanyaga kwa pamoja kama kikundi kilichotoka kambini. Nani aliwafundisha?

Msomaji wa kwetu Kingerikiti hawezi kudanganywa hapa, maana ameona mganda. Ule mstari ulionyooka wa wanaume waliovaa nguo nyeupe, wakigeuka kwa pamoja ngoma ikibadilika, haupatikani kwa wimbo mmoja. Wanahistoria wanauhusisha mganda na beni, ngoma zilizoiga gwaride la askari na kuenea pande hizi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Ni gwaride kweli, lina vyeo na lina adhabu kwa anayevuruga mstari. Vikundi hufanya mazoezi jioni baada ya jioni kabla ya kualikwa kijiji cha pili. Kule ufukweni, akina mama wa kioda nao watakuambia vivyo hivyo. Mtu aliyezuiwa kucheza kwa miaka hachezi vizuri siku anayofunguliwa. Anakanyaga wenzake.

Nimtendee haki mchungaji Moore. Filamu ingeweza kumfanya shetani, haikufanya hivyo. Ni baba aliyefiwa, na mtu aliyefiwa hutafuta kitu cha kukamata. Asingeweza kulikamata gari, maana hata yeye analihitaji. Dansi ndiyo rahisi: haina mwenyewe wa kuitetea kwenye kikao. Na baadaye, waumini wake wanapoanza kuchoma vitabu, anashtuka kuona mahali ambapo hoja yake imefika, akawazuia. Huyo ni mchungaji, jamani, hata kama mantiki yake ilichechemea.

Ren naye anakwenda mbele ya baraza la mji na Biblia mkononi, anasoma habari za Daudi akicheza mbele za Bwana. Anashindwa, kwa sababu kura zilikwisha kupangwa kabla ya kikao. (Katika filamu nzima, hili ndilo jambo linalofanana zaidi na maisha.) Mimi namlaumu kwa kusoma nusu. Angerudi nyuma kidogo katika sura ileile, ya sita ya Samweli wa Pili, angekuta kesi inayofanana na ya Bomont kabisa. Sanduku la Agano linasafirishwa kwa gari la ng'ombe, watu wanapiga vinubi na matari, ng'ombe wanajikwaa, Uza anaushika Sanduku, anakufa palepale. Msiba umetokea katikati ya ngoma!

Daudi anaogopa. Anasimamisha kila kitu kwa miezi mitatu. Halafu anaanza upya, na tazama alichobadilisha: safari hii Sanduku linabebwa na watu, na Kitabu cha Kwanza cha Nyakati kinaeleza kwamba ni Walawi, mabegani, kama Musa alivyoagiza. Gari la ng'ombe limeondolewa. Ngoma imebaki, tena mfalme mwenyewe anacheza kuliko wote hadi Mikali anamdharau kutoka dirishani. Daudi alitafuta sababu ya kifo, akairekebisha hiyo.

Nimeandika haya kwa sababu likizo iliyopita, katika kigango kimoja cha vilima vyetu, nilisikia hoja ya Bomont ikitolewa kwa Kiswahili safi. Kijana alianguka na bodaboda akitoka kwenye sherehe ya kipaimara usiku, akavunjika mguu. Kikao cha walei kikapendekeza sherehe zote za waumini zisiwe na ngoma wala muziki wa spika. Wazee wale ninawaheshimu, na wana haki ya kuogopa. Mimi siye niliyembeba kijana yule hadi zahanati. Ila sikusikia mtu akiuliza pombe ilitoka kwa nani, wala kwa nini sherehe iliyoanza saa nane mchana ilikuwa bado inaendelea usiku wa manane, wala kwa nini pikipiki ile haikuwa na taa.

Filamu yenyewe ilishaonyesha kinachofuata. Ren na wenzake, walipokosa pa kuchezea Bomont, waliingia kwenye gari wakaenda baa ya mbali, wakarudi usiku. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya kijana aliyekufa njiani akitoka dansini iliwaongezea vijana wengine urefu wa njia ileile. Kwetu, kigango kikikataa ngoma, kijiji cha jirani kitakuwa na disko vumbi Jumamosi hiyohiyo, na njia ya kwenda huko ni mteremko, kona na korongo, watatu juu ya pikipiki moja, na katekista hayupo.