Kukadiria si Kutabiri

Siku hizi husemwa kwamba kompyuta yaweza kutabiri mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo ataishi miezi mingapi, hata kabla ya kisu cha mpasuaji kumgusa. Neno hilo "kutabiri" ndilo linalonikera. Asili yake ya Kiarabu ni kufasiri ndoto, nasi twalihusisha na manabii na wapiga ramli. Yafanywayo na mashine hizi ni kukadiria.

Huu si ubishi wa wanaisimu tu. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 573 wa glioblastoma, mojawapo ya saratani kali mno za ubongo. Kwa waliotibiwa kwa mionzi pamoja na dawa ya temozolomaidi, kipimo cha katikati kilikuwa miezi 14.6: nusu walifariki kabla ya hapo, nusu wakavuka. Baada ya miaka 5, takriban 10 katika kila 100 walikuwa hai. Sasa msikilize jamaa atokaye kliniki: "Wamesema amebakisha miezi 14." Takwimu ya kundi imekwisha kugeuzwa hukumu ya mtu mmoja, na pengine harambee ya matibabu yake ikavunjwa papo hapo.

Mnamo 2018, mashindano ya kimataifa ya BraTS yaliwataka wataalamu watumie picha za MRI zilizopigwa kabla ya upasuaji, pamoja na umri, kumweka kila mgonjwa katika fungu lake: chini ya miezi 10, kati ya 10 na 15, au zaidi ya 15. Hata programu zilizoongoza zilikosea karibu mara 4 katika kila 10. Tena (na hapa mwalimu wa hisabati awasaidie wanafunzi wake) waliohesabiwa katika kupima usahihi huo ni wale tu ambao uvimbe wao wote ulioonekana uliondolewa. Picha ni za kabla ya kisu, lakini wenyewe wote walipasuliwa. Vipi basi makadirio hayo yatumiwe kuamua nani asipasuliwe, ilhali hakuna asiyepasuliwa aliyelinganishwa nao?

Daktari na amwulize mgonjwa kwanza kama anataka kujua. Akikubali, amwambie: "Katika watu 100 wa umri na hali kama yako, yapata 50 huvuka muda huu." Sentensi hiyo ni ndefu kidogo kuliko "umebakisha miezi kadhaa", nayo yatamkika kwa Kiswahili bila taabu yoyote.