KUKANDA SHINGO: NDIYO, LAKINI MIKONO IWE NA MPAKA



Mwenzetu mumoja alianguka na pikipiki kwenye barabara ya Baraka. Hakuvunjika kitu, aliamka akicheka. Kesho yake asubuhi hakuweza kugeuza kichwa. Ndipo mabishano yalianza darasani. Wamoja walisema apelekwe kwa mama anayekanda. Wengine wakasema kukanda ni mambo ya kipagani, aombewe tu.

Hawa wa pili ninawakatalia kwanza. Maji ya moto na siagi ya ng'ombe haviiti pepo. Musamaria wa Luka 10 alimwanga mafuta na divai kwenye vidonda, na hakuna anayemuita mupagani. (Tena malaria munaiombea, kisha munameza vidonge!)

Pikipiki ikisimama gafula, kichwa kinarushwa mbele na nyuma kama fimbo ya kuchapia ng'ombe. Nyama na kano zinazoshika mifupa 7 ya shingo zinavutika kupita kiasi. Mara nyingi uchungu unakuja kesho yake. Mwaka 1995 wataalamu wa Quebec, kule Canada, walipanga maumivu haya toka 0 mpaka 4. Katika 1 na 2 shingo inauma na kukauka. Katika 3 mishipa ya fahamu imeguswa. Katika 4 mufupa umevunjika ao umehama. Wa 1 ao 2 akandwe polepole, na yeye mwenyewe ageuze shingo kidogo kidogo kila siku, maana kuifunga muda mrefu kunaikausha zaidi.

Lakini wako wanaoshika kidevu na kisogo, wanazungusha gafula mpaka shingo inalia kwaa! Hapo hapana kabisa. Kama ni 3 ao 4, nani ameona? Katika matundu ya mifupa ile munapita mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo. Ukichanika mumoja, mutu anaweza kupooza.

Mwenzetu alikuwa amekwisha kusema vidole vyake viwili vina ganzi. Hatukusikia, tulikuwa tunabishana juu ya siagi. Mwenye ganzi, mwenye mikono isiyo na nguvu, aliyezimia, anayeumwa kwenye mufupa wenyewe katikati ya shingo: asikandwe. Kichwa kishikwe kisicheze, abebwe akiwa amelala mpaka hospitali.

Wakubwa wa masomo, tunaomba mama yule aitwe hapa siku moja pamoja na muuguzi, watuonyeshe mikono inaishia wapi. Na kipoyi kipatikane. Ile siku tulikitafuta, tukapata mulango wa zamani tu.