Tuache Kuyasingizia Mapenzi

Kuna maneno matatu ambayo magazeti yetu ya Tanzania yameyazoea kiasi kwamba hayamshtui tena msomaji: wivu wa mapenzi. Mwanamke ameuawa na mumewe, chanzo ni wivu wa mapenzi. Binti amechomwa kisu na aliyekuwa mchumba wake, chanzo ni wivu wa mapenzi. Kamanda wa polisi anayatamka mbele ya waandishi, mwandishi anayanukuu, mhariri anayapandisha kwenye kichwa cha habari, na sisi tunayasoma kwenye simu ndani ya daladala, tunaguna, tunashuka kituoni. Kesi tumeshaihukumu: mapenzi ndiyo yaliyoua.

Mimi nakataa. Nakataa hasa imani iliyojificha nyuma ya maneno hayo, kwamba akili inakaa kichwani ikifikiri, mapenzi yanakaa moyoni yakichemka, na yakichemka mno yanamfunika mtu asijue atendalo.

Wanaoshikilia imani hiyo hukimbilia methali: akipenda, chongo huita kengeza. Wanaifasiri kuwa mapenzi ni upofu. Hebu itazameni tena. Huyo anayeita chongo kengeza ameliona jicho. Pengine ameliangalia kwa muda mrefu kuliko jirani yeyote. Anaijua kasoro yake, kisha anachagua jina lisilomuumiza mwenye nalo. Kipofu angewezaje kulibadilishia jina jicho ambalo hajaliona?

Mapenzi ya kila siku ndivyo yalivyo. Baba yangu ana kisukari. Sijawahi kumsikia mama akimwambia kwamba anampenda. Lakini anajua saa aliyokula mara ya mwisho. Anampunguzia wali na kumwongezea mchicha. Alfajiri anasoma namba kwenye kipimo na kuiandika kwenye daftari lililobaki la mdogo wangu wa shule ya msingi. Jioni anamkagua nyayo, maana kliniki walimweleza kwamba kidonda cha mguu kinaweza kuanza bila maumivu. Ukimuuliza kama hayo anayafanya kwa akili au kwa moyo, atakuuliza kama umekosa kazi. Anapima kwa sababu anapenda, na mapenzi yake yasingemfaa baba hata kidogo kama yasingejua kupima.

Wapo pia wanaotuhubiria kinyume: weka hisia pembeni, tumia akili tupu. Hao nao wamepotea. Antonio Damasio, daktari wa ubongo mzaliwa wa Ureno aliyefanya kazi Marekani, alisimulia katika kitabu chake Descartes' Error cha mwaka 1994 habari za wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo. Walipopewa mitihani ya akili walifaulu vizuri. Kilichokuwa kimepungua ni hisia. Mmoja wao aliulizwa arudi kliniki siku ipi kati ya mbili. Akatoa kalenda, akaanza kuchambua: shughuli nyingine alizonazo, hali ya hewa itakavyokuwa, na mengine mengi, kwa karibu nusu saa, bila kufikia uamuzi. Akili tupu ilishindwa kumchagulia hata tarehe. Mtu huchagua kwa sababu kuna kitu anakijali, na kujali ni hisia.

Ikiwa mambo ndivyo yalivyo, basi simulizi tunayopewa kuhusu muuaji haisimami. Tunaambiwa hisia zilimpanda, akili ikamtoka. Ilimtoka wapi? Mara nyingi habari hizo hizo zinaeleza alivyomfuatilia mwenzake, alivyompekulia simu, alivyomsubiri gizani akiwa na panga, kisha alivyokimbia kujificha. Kufuatilia, kusubiri na kujificha ni kazi za akili. Ilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, ikitumikia wazo moja: huyu ni wangu, na akikataa kuwa wangu basi asiwe wa mtu mwingine, hata wa nafsi yake. Wazo hilo ni la umiliki. Mtu huweza kulishikilia kwa utulivu kabisa, miaka na miaka, kabla ya kuinua mkono.

Hata sheria ina uangalifu kutuzidi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inakubali kwamba aliyeua katika ghadhabu ya ghafla kwa kuchokozwa, kabla hasira haijapata muda wa kupoa, anaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia badala ya mauaji ya kukusudia. Lakini inaipima ghadhabu hiyo kwa mtu wa kawaida, na inauliza muda ulikuwa kiasi gani. Mahakama inaitafuta hasira. Sisi kwenye daladala tumeshampa mshtakiwa utetezi mtamu zaidi: alipenda kupita kiasi.

Mtaniambia asiye na wivu hapendi. Wivu ni hisia ya kweli, nami naujua. Unasema: naogopa kumpoteza. Hofu hiyo isikilizwe, kisha iulizwe: nifanye nini ili huyu ninayeogopa kumpoteza abaki salama, hata akiondoka? Anayeweza kuuliza hivyo, huku moyo ukimuuma, anapenda. Asiyetaka kuuliza anajipenda mwenyewe.

Na uongo huu hauishii gazetini. Unashuka hadi kwenye mkeka anapofundwa mwari, hadi jikoni ambako binti aliyepigwa kofi la kwanza anaambiwa na shangazi yake, "Vumilia mwanangu, ana wivu kwa sababu anakupenda." Binti aliyefundishwa kwamba kofi ni dalili ya penzi atajuaje kuwa la pili ni la kukimbia?

Kwa hiyo, wahariri, andikeni kwamba amemuua mkewe, kisha wekeni nukta. Makamanda, kama mtuhumiwa alikuwa amekataa kuachwa, semeni alikataa kuachwa. Nanyi shangazi zetu na makungwi, binti akija usiku na jicho lililovimba, msimwambie anapendwa. Mtandikieni pa kulala, fungeni mlango, na kukipambazuka mfuatane naye hadi Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.